Maji ya Maharage na Siri ya Udongo wa Usambara



Nimekuwa kimya kwa wiki mbili. Wengine mmeshaniuliza kama gazeti limenihamisha au nimeugua. Hapana, nilikwenda nyumbani Mazinde. Kwa wasiopajua, ukitoka Mombo kwa barabara kuu ya kwenda Same na Moshi, mkono wako wa kulia unasimama ukuta wa milima ya Usambara Magharibi, na mkono wa kushoto ni bonde na mkonge. Hapo katikati ndipo Mazinde ilipo. Ukipandisha ule ukuta kwa miguu unafika Mazinde Juu, ambako hewa inabadilika ghafla na unatamani koti.

Jioni ya siku ya pili nilimkuta mama jikoni ameloweka maharage tangu mchana. Maji yalikuwa yamegeuka rangi, mekundu ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Akainua sufuria ili ayamwage. Nikamwambia, "Mama, hayo maji unayoyamwaga ndiyo bakteria wa shambani wanayoyatafuta."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyekaa Dar muda mrefu mno. "Mwanangu, haya maji yanajaza watu gesi tumboni, ndiyo maana yanamwagwa." Akayamwaga.

Nilicheka, lakini nikamwahidi kwamba nitaandika. Leo natimiza ahadi. Habari yenyewe ni ndefu kidogo na inaanzia mbali, kwa hiyo vuta kiti.

MWAKA 1886

Mwaka 1886 Mazinde haikuwa kituo cha basi tu cha kununulia machungwa dirishani. Ilikuwa makao ya Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri ye Nyumbai, yule mfalme wa Kilindi aliyefariki mwaka 1862. Baada ya Kimweri kufa, ufalme uliingia kwenye vita vya ndugu, na Semboja ndiye aliyeibuka na nguvu. Lakini hakwenda kukaa Vugha mlimani, mji mkuu wa jadi. Alibaki Mazinde, kwa sababu misafara ya kwenda na kutoka pwani ilipita bondeni. Vugha palikuwa na heshima, ila bidhaa zilipita Mazinde.

Misafara ilihitaji chakula, na chakula kilitoka kwenye mashamba. Kwa maneno mengine, nguvu ya Mazinde ilitegemea pia udongo.

Septemba ya mwaka huohuo, huko Berlin, mtafiti wa kilimo aitwaye Hermann Hellriegel alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi akaeleza jambo lililowasumbua wakulima wa Ulaya kwa karne nyingi. Kwa nini shamba lililopandwa njegere au maharage linazaa vizuri zaidi msimu unaofuata, wakati shamba la ngano linachoka? Hellriegel alikuwa amepanda shayiri na njegere kwenye vyungu vya mchanga. Shayiri ilikua kulingana na kiasi cha chumvi ya naitrojeni aliyoiweka, si zaidi. Njegere zilifanya maajabu: nyingine zilinawiri bila kupewa chochote. Lakini alipouchoma mchanga ili kuua kila kiumbe hai, njegere nazo zikadumaa. Akirudisha maji kidogo yaliyochujwa kutoka kwenye udongo wa shambani, zinaamka.

Jibu likawa ni lile la vile vinundu kwenye mizizi, ambavyo wengi walidhani ni ugonjwa. Ndani yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni, lakini mmea peke yake hauwezi kuigusa. Ni sawa na mtu mwenye njaa aliyekaa nje ya ghala lililofungwa kufuli. Bakteria ndio wenye ufunguo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao wakaonekana peke yao. Leo kundi hilo tunaliita rizobia.

Wiki chache tu baada ya hotuba ya Hellriegel, tarehe 1 Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilikamilisha makubaliano ya kugawana Afrika Mashariki. Sultani wa Zanzibar akaachiwa ukanda mwembamba wa pwani, na Usambara yote, pamoja na Semboja na misafara yake, ikaangukia upande wa Wajerumani. Hakuna aliyepiga hodi Mazinde kuuliza.

Naziweka habari hizi mbili pamoja kwa makusudi. Mwaka mmoja, nchi moja, msimu mmoja: kule walitambua siri ya udongo, na kule kule wakaamua udongo wetu ni wa nani.

MISITU ILIYODANGANYA

Wajerumani walipofika Usambara Mashariki waliona msitu mnene wa kutisha. Wakafikiri, udongo unaobeba miti mikubwa kiasi hiki lazima uwe na rutuba isiyokwisha. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1890 wakafyeka na kupanda kahawa. Kwa miaka michache ilipendeza, kisha ikashindwa. Udongo ulikuwa mchachu na umeoshwa na mvua za miaka mingi. Rutuba waliyoiona haikuwa imehifadhiwa ardhini. Ilikuwa ikizunguka: jani linaanguka, vijidudu vinalioza, mzizi unalipokea, linarudi juu tena kuwa jani. Ukikata mti umekata mzunguko, na unabaki na udongo mwekundu mtupu.

Somo hilo lilikuwa la bei kubwa, na bahati mbaya kila kizazi cha wataalamu waliokuja Usambara kimelisoma upya kana kwamba halikuwahi kufundishwa.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia pale Amani, Usambara Mashariki. Ilikuwa taasisi kubwa ya sayansi yenye maktaba, maabara na bustani za majaribio zilizojaa miti kutoka pande zote za dunia. Mmoja wa wataalamu wake wa mwanzo alikuwa Albrecht Zimmermann, aliyekuja kutoka kisiwa cha Java. Mwaka huohuo wa 1902 alichapisha utafiti juu ya vinundu vya bakteria, si kwenye mizizi, bali ndani ya majani ya baadhi ya mimea ya jamii ya kahawa. Ukilishika jani la mmea huo ukaliinua juani, unaona vidoa vidogo vyeusi. Kila kidoa ni kambi ya bakteria. Mimea ya namna hiyo ipo hata katika misitu yetu.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba bakteria wa kwenye majani nao wanatengeneza naitrojeni kama wale wa kwenye mizizi ya njegere. Haikuwa hivyo. Miaka ya 2010 watafiti wa Uswisi walichunguza mmea mmoja wa jamii hiyo unaoota Afrika, wakakuta kwamba bakteria wake wanatengeneza kemikali zenye sumu, ambazo zinaonekana kuulinda mmea. Kwa hiyo uhusiano wa mmea na bakteria una sura nyingi. Mahali pengine wanabadilishana chakula, pengine wanabadilishana ulinzi. Lakini mara nyingi kinachopita kati yao ni kemikali ndogondogo, kama barua.

Je, Amani ilitumia maarifa hayo kwa mkulima wa Mazinde au Mlalo? Kwa sehemu kubwa, hapana. Kazi ya Amani ilikuwa mpira, kwinini, kahawa na mkonge, yaani mazao ya kupakiwa melini. Mkonge wenyewe uliingia mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 bonde letu lote likageuka kijivu. Maharage ya bibi zetu hayakuwa na taasisi.

Mkonge nao ulikuja kudai deni. Ulipandwa juu ya mkonge, miaka nenda rudi, na udongo ukachoka. Baadaye wataalamu wa kituo cha mkonge cha Mlingano, kule Ngomeni karibu na Muheza, walihimiza kupanda katikati ya mistari mmea unaotambaa wa jamii ya kunde, ili ufunike ardhi na kuurudishia naitrojeni. Yaani mwishowe hata mabwana wa mkonge walirudi kwa wale bakteria wa Hellriegel.

MATUTA

Sura inayofuata wazee wa Lushoto wanaijua bila kufungua kitabu. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa Usambara nzima. Tatizo lilikuwa la kweli, maana milima ilikuwa inaporomoka na watu wameongezeka. Dawa waliyoleta ilikuwa amri: kila familia ichimbe matuta ya kukingama mteremko, na asiyechimba afikishwe barazani.

Kazi ya jembe ilikuwa ya wanawake kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mzigo ukawaangukia wao. Watu wakakataa. Wapo waliosema mashamba yatanyang'anywa baada ya kutengenezwa, wapo waliosema mazao yamepungua kwenye matuta, na wapo waliosema tu kwamba hawajaulizwa. Hasira hiyo ikaungana na siasa za kudai uhuru, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman ameandika juu ya mapambano hayo kwa kirefu.

Nilipokuwa chuo nilidhani hadithi ya matuta ni ya wakulima wajinga dhidi ya wazungu wenye sayansi, au wakulima mashujaa dhidi ya wazungu wabaya. Siku hizi naiona tofauti. Wazungu walikuwa sahihi kwamba udongo unaondoka. Wakulima walikuwa sahihi kwamba tuta peke yake halilishi mmea. Tuta linazuia udongo usitembee, lakini haliufanyi uwe hai. Na hakuna aliyekaa chini kumuuliza mama mwenye jembe anajua nini kuhusu kinachoufanya uwe hai.

BAKTERIA WANASIKIA NINI?

Turudi kwenye sufuria ya mama.

Baada ya Hellriegel, biashara ilianza haraka. Mwaka 1896 Wajerumani wengine wawili, Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner, walianza kuuza bakteria hao wakiwa wamefungashwa, kwa jina la Nitragin. Mkulima anapaka mbegu, anapanda. Mara nyingine ilifanya kazi vizuri, mara nyingine haikufanya kitu. Hiltner ndiye aliyetambua mwaka 1904 kwamba ule udongo unaogusa mzizi ni ulimwengu wa pekee, wenye vijidudu vingi kuliko udongo wa hatua chache pembeni, kwa sababu mzizi unatoa vitu vinavyoviita.

Vitu gani? Jibu lilichukua muda mrefu. Lilikuja mwaka 1986, miaka 100 kamili baada ya hotuba ya Berlin. Watafiti wa Marekani waliochunguza mmea wa lusani, na wenzao wa Australia waliochunguza klova, waligundua kwamba mzizi unatoa kemikali za kundi la flavonoidi. Hizi ni jamaa za zile rangi zinazopatikana kwenye maua, maganda ya matunda na maganda ya mbegu. Bakteria akizinusa, vinasaba fulani ndani yake vinawashwa kama swichi. Naye anajibu kwa kutoa kemikali yake, mchanganyiko wa sukari na mafuta, ambayo unyweleo wa mzizi ukiipata unajikunja na kumfungulia mlango. Anaingia, kinundu kinajengwa, kazi inaanza. Hodi, karibu, ndani.

Kila mmea una hodi yake. Flavonoidi ya lusani si ya soya, na bakteria wa soya hamwitikii mgeni asiyemjua. Ndiyo maana kuchukua bakteria wa zao moja na kuwapaka zao lingine ni kupoteza fedha.

Na maharage? Mwaka 1991 watafiti walichunguza maharage yenye ganda jeusi, wakakuta kwamba rangi ileile inayotoka mbegu ikilowa maji ni miongoni mwa kemikali zinazowaamsha rizobia. Yaani mbegu ya maharage ikifukiwa na mvua ikanyesha, kabla hata ya kutoa mzizi, tayari imeshatuma salamu udongoni. Ndiyo yale maji ya kwenye sufuria ya mama. Sisemi tuyahifadhi tukamwagilie shamba, maana mbegu iliyopo ardhini inafanya kazi hiyo yenyewe, na mama ana haki kuhusu gesi. Nasema tu kwamba kitu tunachokiona kila siku kikimwagwa kina maana kuliko tunavyodhani.

Mmoja wa wanasayansi waliofuatilia barua hizi za mbegu ni Mtanzania, Patrick Ndakidemi, ambaye mwaka 2003 pamoja na Felix Dakora alichapisha makala ya kisayansi juu ya flavonoidi za mbegu za jamii ya kunde, jinsi zinavyowaita bakteria wazuri na kumlinda mche mchanga dhidi ya maadui. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitoa matokeo ya majaribio ya kaskazini mwa Tanzania, kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Maharage yaliyopakwa rizobia yaliongeza mavuno kwa zaidi ya nusu, na soya ilizaa zaidi ya mara mbili ya ile isiyopakwa. Kuongeza fosfati kulisaidia zaidi.

Kuna waliokwenda hatua nyingine. Huko Quebec, Kanada, udongo wa masika ni baridi, na kwenye baridi soya inachelewa kutoa flavonoidi yake, genisteini. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill wakaamua kuwapa bakteria genisteini kabla ya kuwapaka kwenye mbegu, ili wafike ardhini wakiwa wameshaamshwa. Vinundu vikaanza mapema. Wazo ni jepesi: usimlete mgeni akiwa amelala, mwamshe njiani.

TUGHUTU

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala hii yote.

Mpakani mwa mashamba mengi ya Usambara kuna kichaka kiitwacho tughutu. Si jamii ya kunde, hakina vinundu. Kwa jina la kitaalamu ni aina ya Vernonia. Ukiwauliza wakulima wazee watakuambia kwamba tughutu inaponawiri, udongo ni mzuri, na majani yake yakioza ardhi inakuwa nyeusi na laini. Wasambaa wanayo majina ya mimea mingine ya namna hiyo: mhasha, mshai, boho, mkuyu. Mshai ni mti wa jamii ya kunde, na ndiyo maana unauona umeachwa umesimama shambani wakati miti mingine imekatwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kijijini Kwalei, wilaya ya Lushoto, walifanya jambo ambalo kwa miaka 100 lilikuwa halijafanyika vya kutosha. Waliwauliza wakulima: ninyi mnajua mimea gani inayorutubisha? Wakaitaja. Wakaipima maabara. Tughutu ikatoka ya kwanza. Kisha wakaijaribu shambani, majani ya tughutu yakichanganywa na fosfati ya Minjingu, na mavuno ya maharage yakapanda. J. M. Wickama na J. G. Mowo waliyaandika hayo katika kijitabu kilichotoka mwaka 2001.

Kwa nini mchanganyiko? Hapa sayansi na mzee wa kijiji wanahitajiana. Udongo mwekundu mchachu wa Usambara una chuma na alumini nyingi zinazoikamata fosforasi na kuificha, na bila fosforasi vinundu vya maharage havifanyi kazi. Tughutu peke yake haiwezi kuziba pengo hilo. Fosfati ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ni mwamba uliotokana na kinyesi cha ndege wa kale na mabaki yao. Uchachu wa udongo, ambao kwa kawaida ni adui, ndio unaosaidia kuuyeyusha. Majani nayo yanaleta naitrojeni na potasi, na yanawapa vijidudu chakula cha kuanzia kazi.

Lakini si kila jani linafaa. Watafiti wa Nairobi wakiongozwa na Cheryl Palm walitengeneza kipimo: jani lenye naitrojeni zaidi ya asilimia 2.5, lignini chini ya asilimia 15 na polifenoli chini ya asilimia 4 linaweza kufukiwa moja kwa moja shambani, litaoza upesi na kulisha zao la msimu huo. Likizidi hapo, kemikali za jani zinawafunga bakteria mikono. Polifenoli ni zile zinazofanya jani liwe chungu na kukaza mdomo ukilitafuna. Kwa hiyo mzee anayetafuna jani, akalivunja mkononi kuona kama ni gumu, na kusema "hili litaoza haraka, lile halitaoza," anapima polifenoli na lignini bila maabara.

Mfano mwingine uko kwa jirani zetu. Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE wakiongozwa na Zeyaur Khan walipanda desmodiamu katikati ya mahindi miaka ya 1990 wakilenga kuwafukuza funza wa mabua. Wakashangaa kuona kiduha, yale magugu yanayonyonya mizizi ya mahindi, nayo yanapungua. Walipochunguza walikuta mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kiduha, na nyingine zinazoizuia isijishike kwenye mzizi wa mahindi. Inaamka, haina pa kula, inakufa. Na kwa kuwa desmodiamu ni jamii ya kunde, rizobia wake wanaongeza naitrojeni. Kemikali ya mmea na bakteria wa udongo, kazi mbili katika mstari mmoja wa shamba.

KOSA LANGU

Nisijifanye mjuaji. Msimu mmoja uliopita nilinunua pakiti ya rizobia za maharage dukani, mji mmoja ambao sitautaja, nikampelekea mama. Pakiti ilikuwa imepangwa rafu ya mbele, jua la mchana likiipiga. Sikuuliza. Nikaitia kwenye begi, begi likawekwa buti ya basi, tukaenda saa sita na joto lile la bondeni. Mama akapaka mbegu kwa imani yote, kwa sababu mwanawe msomi ameleta.

Hakukuwa na tofauti yoyote. Wiki ya sita nilikwenda nikang'oa mashina matatu, nikapasua vinundu kwa kucha. Kinundu kinachofanya kazi ndani ni chekundu au cha waridi, kama kimechovywa kwenye damu. Vya kwetu vilikuwa vichache, vidogo, vyeupe. Rizobia ni viumbe hai. Joto na jua vinawaua, na pakiti iliyokufa haina tofauti na majivu. Mama hakusema neno. Alisema tu, "Basi mwakani nitarudisha tughutu."

Kauli hiyo imekaa kichwani mwangu mpaka leo. Si kwamba sayansi ilishindwa. Mimi ndiye niliyebeba kiumbe hai kama msumari. Lakini mama alikuwa na kitu cha kurudia, na hilo ndilo linalonitia hofu. Mtoto wangu atakuwa na nini cha kurudia? Vijana wa rika langu Mazinde wanaotambua tughutu kwa macho ni wachache. Wengi wetu tunajua bei ya mfuko wa urea kuliko jina la jani lililopo mpakani mwa shamba la bibi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao mkuukuu nao una matundu, na tughutu bila fosfati inaliacha shamba la Usambara na njaa. Historia yote niliyoieleza, toka Berlin hadi Kwalei, inaniambia jambo moja: kila mara mtaalamu alipokuja na jibu bila kuuliza, alirudi na nusu ya jibu. Na kila mara mkulima alipoachwa peke yake na maarifa yake, naye alibaki na nusu. Kwalei waliziunganisha nusu mbili, na maharage yakazaa.

Kabla sijaondoka Mazinde nilipanda juu na mama hadi kwenye shamba la bibi. Nilimwomba anitajie kila kichaka cha mpakani, jina kwa Kisambaa, kinatumika wapi, kinaoza kwa muda gani. Nimeandika kurasa kumi na moja kwenye daftari la kazini, lile la kuandikia habari za vikao vya madiwani. Alipochoka alikaa kwenye jiwe akaniuliza, "Haya yote unayaandika ya nini, si yapo tu hapa?"

Nikamjibu kwamba na misitu ya Amani ilikuwa ipo tu. Akanyamaza kidogo, kisha akanionyesha kichaka kingine. "Huu sijakutajia. Andika."

Kama wewe ni wa Lushoto, Korogwe, Muheza au Same, na bado una bibi au babu anayelima, nenda na daftari. Maswali ni rahisi: jani gani, linafukiwa lini, linaoza kwa muda gani. Ukirudi ng'oa shina la maharage, pasua kinundu, tazama rangi. Kikiwa chekundu, ujue hodi ilipigwa na mlango ukafunguliwa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.